Harufu ya Sabuni Kwenye Ugali

Mwezi uliopita, msibani Katesh, nilikuwa nasimulia jinsi nyumba yetu ilivyopekuliwa mwaka 1983. Mzee mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali enzi hizo hakuniacha nimalize. "Mwanangu, wewe ulikuwa na miaka sita. Hayo hukuyaona, umesimuliwa." Waliokuwepo wakaitikia, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya vitunguu swaumu. Mimi sijatulia hadi leo.

Vitabu vinasema kumbukumbu ni hifadhi ya yaliyopita akilini. Sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni hilo neno "umesimuliwa".

Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, maduka matupu, sabuni na sukari kwa mgawo. Machi 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiuongoza. Kijijini kwetu, upande wa Dongobesh, mgambo walifika asubuhi na balozi wa nyumba kumi. Mmoja wao alichomeka ufito kwenye kihenge cha mahindi, akauchomoa, akainusa ncha yake. Akachomeka pengine, akanusa tena. Punje zikawa zinatiririka kwenye matundu. Mama akanyoosha kiganja azibe, akaambiwa asiguse. Baba alikuwa amesimama uani, kofia mkononi, na sikuwahi kumwona baba amevua kofia mbele ya vijana.

Sasa huyu mzee anasema nimesimuliwa. Na nani? Nyumbani kwetu siku ile haikuzungumzwa kamwe. Baba amekufa hajaitaja. Na hata kama ningesimuliwa, mbona yeye hajiulizi alisimuliwa nini? Watu wazima wa mwaka ule walikuwa wameshaambiwa na redio, kabla mlango wowote haujagongwa, kwamba kuna adui na jina lake ni mhujumu. Walipoona mche wa sabuni umetolewa uvunguni, waliona hujuma. Neno lilitangulia, macho yakafuata. Mimi neno hilo sikuwa nalo. Nilikuwa na ufito, pua ya mtu, na mahindi yanayomwagika. Kati yetu wawili, nani aliyeona na nani aliyesimuliwa?

Wanaosema mtoto si shahidi hawajui wanachokitupa. Mtu mzima huhifadhi maana ya tukio, na maana hubadilika kila serikali inapobadilisha msimamo. Sheria yenyewe ya uhujumu Bunge liliipitisha msako ukiwa umeshaanza, ikaunda mahakama maalumu isiyoruhusu mawakili, na mwaka uliofuata ikawekwa kando kwa sheria nyingine. Mwenye kukumbuka kwa maana alilazimika kukumbuka upya. Mtoto hakubadilisha kitu, kwa sababu hakuwa na cha kubadilisha. Nasi wa Hanang na Mbulu tunajua uzito wa kuambiwa "thibitisha". Wanakijiji wa Mulbadaw walipolidai shirika la umma la kilimo, NAFCO, ardhi yao iliyoingizwa kwenye mashamba ya ngano, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1985 kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa mujibu wa sheria. Barabara nzima ya Basotu ingeweza kuwatolea ushahidi.

Kuna jambo hunirudia kila ninapopita Kainam. Wazee wetu Wairaqw walichimba nyumba ubavuni mwa mlima, wakaziezeka kwa udongo, ili wavamizi wa Kimaasai wapite juu wasijue chini kuna watu. Fikiria nyumba ambayo kazi yake ya kwanza ni kutoonekana, halafu ndiyo ikinge mvua. Hapo mlango ulikuwa siri ya ukoo mzima, na anayeingia ni aliyeonyeshwa njia. Nyumba yetu ya mwaka 1983 ilikuwa ya bati na mlango wake ulitazama barabara, kwa kuwa tulihamia kijijini, tukaamini kwamba nyakati za kujificha zimepita. Nahisi baba alikuwa akiwaza hilo pale uani. Pengine namsingizia.

Ni kweli walanguzi walikuwepo na watu waliumia kwa sababu yao. Ni kweli pia kwamba kumbukumbu huchakaa.

Dada yangu, aliyenizidi miaka minne, anasema mgambo waliondoka mikono mitupu. Mimi nakumbuka wakitoka na kitu kimefungwa kwenye kanga ya mama. Tumebishana mara nyingi ukubwani. Lakini sote wawili tunakumbuka ugali wa mahindi ya kihenge kile: kwa wiki kadhaa ulinuka sabuni, tukaula hivyohivyo, mama akituangalia mpaka tumalize. Basi sabuni ilikuwemo. Ilikuwa miche mingapi, ya nani, na ya kufanyia nini, mama hakusema, nami sikuwahi kumuuliza akiwa hai.