Kanisa la Zamani na Mwembe

Mwezi uliopita sisi walimu wastaafu sita tulikodi gari hapa Korogwe, tukapita Segera na Muheza mpaka Magila, kwenye Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Kesho yake tukaenda Handeni, tukasali Kideleko. Hatukwenda kutembea tu. Halmashauri ya mtaa wetu yataka kubomoa kanisa letu la zamani ili lijengwe kubwa zaidi, nasi tulitaka kwanza kuyaona kwa macho yetu makanisa waliyotuachia wazee.

Je, ni haki kubomoa walichotujengea marehemu? Njiani mwenzetu mmoja alijibu upesi kwamba Mungu hakai katika mawe. Ni kweli, hata Mtakatifu Stefano alilisema hilo kabla hajapigwa mawe. Tena waliotuletea Injili hawakuogopa kuacha majengo yao. Kituo cha Magila kilianza 1868 kwa vibanda. Kanisa la mawe lilikuja miaka ya 1880. Hatujapata kusikia mtu aliyevililia vibanda vile.

Lakini ziko pia habari za Uingereza, ambazo tulizifundisha darasani miaka mingi bila kuzifikiri sana. Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540. Ile ya Fountains, iliyoanzishwa 1132, iliondolewa watawa kwanza, kisha ikavuliwa paa. Baadaye tajiri mmoja akachukua mawe yake kujengea jumba lake jirani. Siku hizi watu hulipa kiingilio ili watazame kuta zisizo na paa. Angalieni yaliyotangulia: watu walitolewa kwanza, jengo likafuata. Magila waliosali vibandani ndio walioingia katika kanisa la mawe.

Basi tuliona kwamba tulikuwa tukiuliza swali lisilo lenyewe. Yafaa tuulize nani atatolewa.

Tuliporudi tulimwendea bibi anayefagia kanisa letu kila Jumamosi. Sisi tumevuka sitini, naye bado hutuita wanangu. Tulimweleza juu ya kanisa jipya, akafurahi, kwa maana siku za sikukuu watu hunyeshewa nje. Kisha akasema:

“Wanangu, humu nilibatizwa, humu nikafunga ndoa, na watoto wangu wawili wamelala pale chini ya mwembe. Hilo kubwa mtaliweka wapi?”

Tulirudi kuitazama ramani iliyobandikwa ukumbini. Msingi wa upande wa kusini unapita chini ya mwembe. Tulikuwa tumeiona ramani ile mara nyingi, wengine wetu hata tumeichangia fedha, wala hatukuliona jambo hilo.

Tumeomba bibi aitwe mkutanoni. Tumejibiwa kwamba mkutano ni wa wajumbe. Tumemwambia aje hivyo hivyo, akae nasi benchi la nyuma.