Mama Aachwe Aende

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Anayekuta kiota anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao lazima amwache aende. Kwa nini?

Huko Shinyanga misitu ilifyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulianza kuhimiza ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho hadi kiangazi. Miti iliachwa kwa ajili ya ng'ombe, na ndege nao wakarudi. Anayepanda kilima alfajiri huwasikia kabla ya kuwaona.

Kule Geita mchimbaji mdogo hukata matimba ya kuegemeza kuta za shimo lisimfukie. Hitaji lake ni la kweli. Sheria ya kiota haimnyimi riziki, inamkataza kumaliza. Anayebakiza hukiri kwamba msitu una Mwenyewe.

Jadilini: Mhitaji akiambiwa abakize, jirani zake wana wajibu gani kwake?