Kiti hupima nini?

Je, ni haki mtu kutoa zaidi ya dola 1,000 kwa kiti kimoja cha biro? Wengi watajibu upesi: «Hapana, hayo ni majivuno!» Tusihukumu mbio. Tukitazame kwanza kiti chenyewe.

Mwaka 1994 kampuni ya Herman Miller, ya jimbo la Michigan huko Marekani, ilitoa kiti kiitwacho Aeron. Waliokibuni ni wawili: Bill Stumpf na Don Chadwick. Hawakutia ngozi wala godoro. Walikaza wavu unaopitisha hewa, ili mwenye kukaa kutwa asilowe jasho. Tena walikifanya kwa vipimo vitatu: kidogo, cha katikati na kikubwa.

Desturi ya zamani ilikuwa nyingine. Mkubwa alipewa kiti kipana chenye egemeo refu, karani kiti chembamba. Kiti kilipima cheo. Lakini hiki kinapima mwili: mkubwa mwembamba atachukua kidogo, karani mnene atachukua kikubwa. Ndiyo akili yake.

Hata hivyo watu walikigeuza kuwa pambo. Kampuni nyingi changa za kompyuta zilikinunua ili zionekane tajiri. Zilipoanguka, katika miaka ya 2000 na 2001, viti vikauzwa kwa bei ya chini. Kiti hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa moyoni mwa mnunuzi.

Sasa fikiri biro moja. Mkubwa ana kiti kizuri sana, naye hukikalia saa moja tu kwa siku, maana yuko safarini daima. Karani wake anaandika saa nane juu ya kiti kilichovunjika, na jioni anakwenda nyumbani ameshika kiuno. Mkubwa husema: «Fedha hakuna.» Je, hakuna kweli? Mgongo wa karani unalipa deni lisiloandikwa katika daftari.

Basi, ukitaka kununua kiti, usiulize kwanza: «Wageni watasemaje?» Uliza: Nani atakikalia? Saa ngapi? Nyayo zake zitafika chini? Kiuno chake kitapata egemeo? Tena mwache asimame na kutembea mara kwa mara, kwani hata kiti bora hakiondoi uchovu wa kukaa kutwa.

Na kama fedha inatosha kiti kizuri kimoja tu, mpe yule anayekaa zaidi. Kumtunza mfanya kazi si anasa. Ni haki yake.