Baina ya Unyayo na Unyayo

Raskolnikov, yule mwanafunzi fukara wa Dostoevsky katika riwaya ya Uhalifu na Adhabu (1866), ameshahesabu hatua kutoka geti la nyumba alikopanga hadi nyumba ya bibi mkopeshaji anayekusudia kumuua. Ni hatua 730 kamili. Msomaji anakabidhiwa idadi hiyo bila kuoneshwa hata hatua moja. Hajui viatu vililiaje juu ya mawe, wala kijana alitazama wapi alipofika katikati ya safari. Mwaka 1953 Osamu Tezuka, ambaye Wajapani wengi wanamhesabu kuwa baba wa manga ya kisasa, aliichora riwaya hiyohiyo katika kitabu chembamba, na mambo yakageuka. Ngazi za nyumba ya mauaji zimechorwa kana kwamba ukuta wa mbele umebomolewa. Kurasa zinapita, ngazi ni zilezile, wanaobadilika ni watu wanaopanda na kushuka. Tezuka alizijua ngazi hizo kwa miguu yake, kwani alipokuwa mwanafunzi aliigiza katika mchezo wa jukwaani uliotokana na riwaya hiyo, akapewa nafasi ya mpaka rangi. Kwenye manga yake hakuna haja ya kuhesabu hatua. Unaziona, basi.

Vitabu vyote viwili nimevisomea Karatu, mji ambao wageni wengi wanaupita wakiwahi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Watalii huacha riwaya kwenye loji ili kupunguza uzito wa mizigo, kwa hiyo Mrusi wa karne ya 19 anaweza kukaa rafu moja na kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki. Manga huja zaidi kwa simu. Madereva wa watalii huisoma wakisubiri wageni wamalize kifungua kinywa, na wale waliopita madrasa hawakushangaa kwamba inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Watu wazima husema picha ni za watoto. Vijana nao hujibu kwamba riwaya inarefuka kwa sababu mwandishi hajui kuchora. Pande zote mbili zinakipima kitabu kwa kile kilichotiwa ndani. Mimi naona tungeanza na kilichoachwa nje, tukauliza kuachwa huko kunamdai msomaji nini.

Riwaya inakupa fikra za mtu na kukunyima uso wake. Manga inakupa uso, kisha inakunyang'anya muda: katika utepe mweupe unaotenga kisanduku na kisanduku inaweza kupita nusu sekunde au miaka 10, na ni wewe utakayeamua. Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, alilionesha jambo hili mwaka 1993 kwa visanduku viwili tu. Katika cha kwanza mtu ameinua shoka nyuma ya mwenzake. Katika cha pili kuna mji usiku na ukelele. Shoka halikuchorwa likishuka, lakini kila anayesoma anajua limeshuka, na aliyelishusha ni yeye. Dostoevsky hakuniachia kazi hiyo. Anaeleza pigo lenyewe, hata kwamba bibi alipigwa kwa kisogo cha shoka, si kwa makali. Kwa hiyo ile fikra kwamba riwaya hufumba na picha hufumbua imepinduka hapa. Kwenye riwaya mimi ni shahidi. Kwenye visanduku vile viwili ni mshiriki.

Nikishakubali kwamba msomaji hutenda, swali linalofuata ni gumu zaidi: anaruhusiwa kutenda chochote? Hapo sihitaji kwenda Urusi wala Japani. Laetoli, kiasi cha kilomita 45 kusini mwa Bonde la Olduvai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kuna hadithi ya picha isiyo na mchoraji. Mwaka 1976 mtafiti Andrew Hill alianguka akikwepa mavi ya tembo ambayo wenzake walikuwa wakirushiana kwa mzaha, na pale chini akaona alama za matone ya mvua na nyayo za wanyama zilizoganda katika majivu ya volkano. Mwaka 1978 timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ikafikia njia ya viumbe wa ukoo wetu waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita: nyayo kama 70, katika urefu wa mita 27 hivi.

Tazama jinsi inavyosomeka. Unyayo ni kisanduku. Kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele, kisha panafuata majivu matupu, kisha unyayo mwingine. Mwendo wenyewe haumo popote. Ukiutafuta utapata mashimo tu. Wapo wakubwa na mdogo, na mmoja alikanyaga humohumo alimokanyaga mwenzake, hivyo ukikazia macho unyayo mmoja unakuta miguu miwili. Leakey aliona mahali ambapo yule mdogo alisita, akageuka kidogo kushoto kana kwamba kuna kitu kimemshtua, kisha akaendelea. Mwanasayansi makini alisimama kwenye pengo akaweka hofu ya mtu. Simlaumu. Alikuwa na unyayo uliopinda mbele yake, na hofu aliyoiweka haikuzidi kipimo cha kupinda huko.

Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Katika jumba la makumbusho ya historia asilia la New York wamesimamishwa mume na mke wakitembea juu ya majivu hayo, mume ameweka mkono begani mwa mkewe. Majivu ya Laetoli hayajui habari ya bega. Hayajui ndoa, wala nani mume. Sanamu zile zinavutia, na ndiyo maana nazitilia shaka: zimejaza pengo kwa kitu ambacho mtazamaji alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani.

Mwaka 2015 kitabu kile cha majivu kikafunuka ukurasa mwingine. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walikuwa wakichimba vishimo vya uchunguzi kabla ya ujenzi wa makumbusho uliokuwa umepangwa, wakakuta nyayo za watu wengine wawili, mita kama 150 tu kutoka zile za kwanza, zikielekea upande uleule. Mmoja wao alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mkubwa kuliko wote waliojulikana pale. Familia ya baba, mama na mtoto ikawa kundi la watano, na yule mkubwa hakuwa na mke wa kumshika bega. Kuna nyayo nyingine za palepale, zilizoonekana tangu 1976, ambazo mtaalamu mmoja alidhani huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Dubu, Ngorongoro! Zilifukuliwa upya na kupimwa, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kwamba ni za kiumbe wa ukoo wetu.

Sasa naweza kulijibu swali langu kwa namna fulani. Pengo lina kingo mbili. Kabla yake kuna unyayo, baada yake kuna unyayo, na chochote utakachokiweka katikati lazima kiweze kutoka huku na kufika kule. Msomaji yuko huru, lakini uhuru wake umebanwa pande zote, na kila kisanduku kinachofuata kina haki ya kumwambia amekosea. Carlo Ginzburg, mwanahistoria wa Italia, aliandika mwaka 1979 kwamba huenda mtu wa kwanza kusimulia hadithi alikuwa mwindaji, kwa kuwa ndiye aliyeweza kuunganisha alama chache zilizo kimya kuwa mfuatano wa matukio. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, upande wa chini ya Karatu, hawahitaji kuelezwa hilo na Mwitaliano. Mwindaji anayefuata damu iliyodondoka kwenye majani hujua kwamba kujaza pengo vibaya kuna adhabu, nayo huliwa jioni ileile kwa kutokula. Msomaji wa riwaya hana adhabu hiyo. Anaweza kumsoma Raskolnikov kama shujaa mpaka mwisho na bado akapata chakula chake cha usiku. Nadhani ndiyo sababu wasomaji wavivu wa vitabu ni wengi kuliko wawindaji wavivu.

Lakini kuna kuachia pengo na kuna kufuta, na vitu hivi hufanana ukivitazama kwa haraka. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, Mjerumani, alitoa kitabu na filamu kuhusu Serengeti iliyo hatarini kufa; mwanawe Michael alikuwa amekufa Januari mwaka huo katika ajali ya ndege wakati wa kazi hiyo, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Filamu ilipata Oscar. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa lazima ibaki bila watu, hata wenyeji wake, na mwaka huohuo Wamaasai waliokuwa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Tangu 2022 baadhi ya familia zimehamia tena, safari hii Msomera, wilayani Handeni. Mtu aliyelelewa na picha ya nyika tupu akija leo akakutana na ng'ombe njiani, humwona mchungaji kama aliyeingia kwenye kisanduku kisicho chake. Hapa msomaji hakuachiwa nafasi ya kuwaza. Unyayo wa kabla ulikuwapo ukaondolewa, na bila ukingo huo anachokiweka katikati hakiwezi kusahihishwa na chochote. Namheshimu Grzimek kwa nyumbu aliowahesabu kutoka angani. Kwa kisanduku alichokitoa, simheshimu.

Turudi kwenye vitabu vyetu, maana Waswahili tuna mirathi kwa baba na kwa mama. Mchoraji atakayejaribu Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ataanza na tabu ya nchi iliyo angani, ambayo msomaji huikubali mara moja kwa sababu hajaonyeshwa inaning'inia wapi. Upande wa pili kuna jarida la Sani na wahusika wake wa katuni, akina Lodi Lofa wa Philip Ndunguru, ambaye alifariki 1986 akiwa bado kijana. Lodi Lofa angekufa katika riwaya: mwili wake ule ndio hoja yake yote. Kila fani inajua inachoweza kukosa bila kudhoofika.

Kinachonishughulisha ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Msimulizi wake Kazimoto ni mwanafunzi, kama Raskolnikov, mwenye kichwa kilichojaa maswali yasiyo na pa kwenda, naye anajisimulia kwa nafsi ya kwanza. Ningependa kuiona imechorwa kwa mtindo wa manga. Nilimwambia hivyo dereva mmoja, msomaji mzuri kuliko mimi, nikaongeza sharti: uso wa Kazimoto usichorwe hata mara moja. Tuone mikono yake, njia anayopita, watu anaowatazama, kwa kuwa macho ni yake.

“Na akijitazama kwenye kioo, Mwalimu?”

Nilisema mchoraji aache kisanduku kitupu. Akacheka. Kwake huo ni woga. Mchoraji anayeogopa uso akaandike riwaya. Yeye angemchora kijana wa kawaida tu, shavu moja limevimba kidogo kwa kulalia mkono, kama yeyote anayesubiri basi la Arusha saa kumi na moja alfajiri. Nilibisha muda mrefu. Baadaye niliifungua tena Kichwamaji, na ukurasa wa kwanza tu haujaisha nikakuta Kazimoto ana shavu lililovimba.