Je, ni Kweli Kwamba Chema Hakidumu?

Tuendapo msibani tumezoea kusikia wazee wakisema, "Chema hakidumu." Msemo huu hufariji, wala hatuna nia ya kuwanyang'anya wafiwa faraja yao. Lakini mara nyingi twautumia hata mahali pasipo msiba. Kisima kikiharibika, kwaya ikivunjika, au mbegu nzuri ya mtama ikipotea kijijini, twasema chema hakidumu, kisha twaenda zetu. Yafaa tujiulize: je, chema chenyewe ndicho kisicho na maisha, au ni sisi tusiokitunza? Kwa kulipima jambo hili tumechagua mfano wa mbali, tena wa mnyama, yaani farasi wa Nisaea.

Nisaea ulikuwa uwanda wa malisho katika nchi ya Umedi, ambayo leo imo ndani ya Iran. Farasi wa huko walisifiwa kwa ukubwa na uzuri wao. Mwandishi Mgiriki Herodotus aeleza safari ya Mfalme Xerxes, ambaye wataalamu wengi humtambua kuwa ndiye Ahasuero wa Kitabu cha Esta. Alipokwenda kuwapiga Wagiriki mwaka 480 K.K., walimtangulia farasi kumi watakatifu wa Nisaea, wamepambwa vizuri sana, na gari lake mwenyewe lilivutwa na farasi wa uwanda huohuo. Mwaka uliofuata, karibu na Plataea, mkuu wa wapanda farasi wa Kiajemi aitwaye Masistius alipanda farasi wa Nisaea mwenye lijamu ya dhahabu. Mshale ukampata yule farasi ubavuni, naye kwa uchungu akasimama kwa miguu ya nyuma, akamwangusha bwana wake, na Wagiriki wakamwua. Waajemi wakaomboleza, wakanyoa nywele zao na manyoya ya shingo za farasi wao.

Mnyama aliyetukuzwa namna hiyo, nani angedhani atapotea? Lakini mwandishi Arrian asimulia kwamba uwanda ule uliwahi kuwa na farasi majike 150,000. Alexander Mkuu alipopita huko mwaka 324 K.K., hawakuzidi 50,000, maana wengi walikuwa wamechukuliwa na wanyang'anyi. Huo haukuwa mwisho wao. Walitajwa hata katika karne ya 4 baada ya Kristo. Leo, hata hivyo, hakuna farasi wa Nisaea popote duniani.

Hapa pana fundisho. Wale wanyang'anyi hawakuwa wajinga. Waliijua thamani ya farasi wale sawasawa na mfalme alivyoijua, na ndiyo sababu waliwaiba. Basi kujua thamani ya kitu si kukipenda, kwa kuwa mwizi naye aijua. Twasema chema chajiuza, na ni kweli; lakini hatujasikia kwamba chema chajilinda. Sifa humwita mnunuzi, na humwita mwivi vilevile.

Labda msomaji atasema kwamba tunawaonea wafalme, kwa kuwa pasipo mali yao makundi makubwa kama yale yasingekuwako. Hoja hii ina haki yake. Wafalme walifuga kweli, tena kwa wingi. Strabo aandika kwamba liwali wa Armenia, ambako farasi hao walifugwa pia, alimpelekea mfalme wa Uajemi wana-farasi 20,000 kila mwaka. Lakini ulinzi wote ulitegemea kiti kimoja cha enzi, na kiti hicho kilipoanguka, walinzi nao walitawanyika.

Tumtazame sasa farasi wa Kiarabu. Huyu yupo hata leo. Mabedui hawakuwa na hazina kama ya Xerxes, lakini kila jamaa ilimweka farasi jike karibu na hema, ikakumbuka ukoo wake kwa upande wa mama, na kuwafundisha watoto ukoo huo. Kundi la mfalme lilikuwa na mlinzi mmoja mkuu. Farasi wa Kiarabu alikuwa na walinzi wengi wadogo, na kila mmoja alijua zamu yake.

Kwa hiyo twaona kwamba msemo wetu ni nusu ya kweli. Kila kiumbe kina mwisho, hilo hatubishi. Lakini kuna vyema vinavyokufa kwa siku zao, na vyema vinavyokufa kwa kukosa mtu wa kuamka alfajiri. Vitabu vimetupa jina la Xerxes na la Masistius. Saisi aliyemnywesha maji farasi yule mwenye lijamu ya dhahabu hakutajwa, ingawa bila yeye hapangekuwa na farasi wa kusifiwa.

Ndugu wasomaji, katika mitaa yetu yako mambo mema ambayo wote twayasifu: kengele ya kanisa, tenzi za zamani, visima vilivyochimbwa na wazee wetu. Kabla hatujasema tena kwamba chema hakidumu, na tuulizane kwanza zamu ya leo ni ya nani.