Dhahabu Mkononi mwa Asiyejua



Tunapofundishwa Amri ya Saba twazoea kuulizana juu ya kuku aliyeibwa usiku, na mpaka wa shamba uliosogezwa, na kibarua aliyenyimwa mshahara wake. Maswali hayo hata mtoto wa darasa la kwanza huyajibu. Leo nataka tutazame jambo lisilo na usiku wala mlango uliovunjwa. Watu wawili wakutana mchana, wapatana bei, mmoja atoa fedha na mwingine atoa kitu, nao waagana kwa amani. Je, katika mapatano ya namna hiyo mtu aweza kuwa mwizi?

Tutoe mfano. Tuseme yuko kijana Mkristo, mwenye mshahara mdogo, ambaye kwa muda mrefu ametamani saa ya mkono. Wala si saa yoyote, bali mojawapo ya zile saa za zamani za Uswisi zenye jina kubwa. Kwa kuuza maharage ameweka akiba ya dola 60. Mjini, kwa fedha hizo, wauza saa humcheka. Basi ameanza kutafuta vijijini, kwa wazee waliostaafu na kwa wajane, akitumaini kukutana na mtu asiyejua thamani ya kitu alicho nacho. Na simu yake imekwisha kumfundisha alama zote za kutazama.

Siku moja mama mzee, mjane wa karani, amletea saa ya marehemu mumewe, imefungwa katika kitambaa. "Mwanangu," asema, "hiki ni kitu cha shaba tu, nacho hakiendi tena. Nipe dola 15 ninunue dawa." Kijana aifungua saa mgongoni, taratibu. Aona jina la Omega, nyumba ambayo mwanzo wake ni karakana ya Louis Brandt, iliyofunguliwa mwaka 1848 katika mji wa La Chaux-de-Fonds. Tena aona, ndani ya mfuniko, kichwa kidogo cha mwanamke kilichopigwa kama muhuri. Mama yule hajui maana ya kichwa hicho. Kijana aijua: ni alama ya serikali ya Uswisi juu ya dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu safi katika kila sehemu 24, nayo ilitumika mpaka mwaka 1995, ilipobadilishwa kwa kichwa cha mbwa. Basi saa hiyo, hata kama isingekwenda tena kamwe, dhahabu yake peke yake yapita dola 15 mara nyingi.

Afanye nini?

Kwanza niondoe swali moja dogo. Wengine watasema kwamba kosa la kijana ni kule kutamani saa ya namna hiyo. Mimi sioni hivyo. Kama karo ya wadogo zake imelipwa na chumvi ipo nyumbani, kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si dhambi. Ndani ya saa hiyo kamani, yaani ule ukanda mwembamba wa chuma uliokunjwa, yasukuma magurudumu. Na gurudumu la mizani lacheza huku na huku mara tano kwa kila sekunde, ndiyo mara 18,000 kwa saa moja, bila betri wala umeme. Akili iliyobuni kazi hiyo ni zawadi ya Muumba. (Kuuweka mkono juu ya benchi wakati wa Misa ili watu wote waione, hilo ni jambo jingine, na kila mmoja aliulize moyoni mwake.)

Wala tusimdharau mama yule kwa kutojua kwake. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkono iendayo kwa betri na kijiwe cha kwatzi, yenye kushika majira kuliko saa zote za kamani. Miaka michache baadaye saa za namna hiyo zikawa rahisi, zikaenea kila mahali. Uswisi, watu waliofanya kazi ya saa walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi yao tu. Ndipo saa nyingi za kamani zilipoingia masandukuni, kwa maana hakuna aliyezitaka. Baadaye matajiri wa nchi za mbali wakaanza kuzitafuta tena, na bei ikapanda huko huko mbali, bila mtu kuja kijijini kumpasha mjane habari.

Sasa tumsikilize kijana akijitetea. "Bei ameitaja yeye mwenyewe," asema. "Sikumdanganya hata kwa neno moja. Amekubali kwa hiari."

Amekubali nini? Mama amekubali kuuza shaba. Hakukubali kuuza dhahabu, kwa sababu hajui kwamba anayo. Hiari yake haikufika mpaka kwenye kitu chenyewe, nayo fedha ya kijana imelipa kitu kingine, si kile anachokichukua.

Neno hilo si langu. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipoandika juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza, alitaja mfano unaokaribia sana huu wetu: mtu auza dhahabu akidhani ni shaba. Jibu lake ni kwamba mnunuzi akijua, amenunua bila haki, naye apaswa kurudisha. Angalieni vema: wengi hufikiri ulaghai ni dhambi ya muuzaji peke yake, lakini Mtakatifu Toma amemtia mnunuzi katika mizani ile ile. Na muda mrefu kabla yake Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini na askofu wa Hippo, katika kitabu chake juu ya Utatu Mtakatifu, alisimulia habari ya mtu mmoja aliyemfahamu. Mtu huyo aliletewa kitabu kilichouzwa kwa bei ndogo sana, kwa kuwa mwenye kukiuza hakujua thamani yake. Naye akamlipa bei ya haki, kubwa kuliko ile aliyoombwa, na muuzaji hakuitazamia kabisa. Zamani zile vitabu vyote viliandikwa kwa mkono, na kitabu kimoja kilikuwa mali kubwa. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2409, yahesabu kati ya makosa ya Amri ya Saba tendo la kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Mama yetu ana vyote viwili, kutojua na shida ya dawa. Anayeshusha bei kwa njia hiyo atasemaje kwamba yeye ni tofauti na anayeipandisha?

Hapa katekumeni mwenye akili atanyosha mkono. "Mwalimu, katika Injili ya Matayo Bwana wetu asimulia habari ya mtu aliyeiona hazina shambani, akaificha, akaenda kuuza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua shamba lile. Mbona huyo hakumwambia mwenye shamba?" Swali ni zuri, nami nafurahi kila mara liulizwapo. Mfano ule watufundisha furaha ya mtu aliyeupata Ufalme, jinsi asivyoona taabu kuacha yote; haukutolewa kuwa sheria ya soko, kama vile mfano wa wakili asiye mwaminifu haukutolewa ili tujifunze kugeuza hati za deni. Tena hazina iliyozikwa, isiyojulikana ni ya nani, ina sheria zake, na Mtakatifu Toma aliieleza mahali pengine. Saa ya karani haikuzikwa. Mwenyewe yu hapa, ameishika mkononi.

Lakini tusije tukamtwisha kijana mzigo usio wake. Bei ya haki haikuchongwa kama ncha ya sindano. Ina upana kidogo, na ndani ya upana huo kupatana bei ni halali. Mama akiomba 50 na kijana akajibu 40, hakuna mwenye kosa. Maarifa nayo yana ujira wake: fundi aliyenunua saa mbovu kwa bei ya saa mbovu, akaisafisha, akaitia mafuta na kuiamsha, aweza kuiuza zaidi, kwa kuwa ameitengeneza kuwa bora. Vile vile aliyeibeba mpaka mji wa mbali kwa gharama na hatari. Ninalokataa ni ujira wa kunyamaza, ambao haukuongeza kitu chochote katika saa.

Na siku kijana atakapokuwa muuzaji, mzani utamgeukia. Kasoro inayoonekana wazi, kama kioo kilichopasuka, mnunuzi aiona mwenyewe. Bali kasoro iliyofichika, yenye kuleta hasara au hatari, yapasa kusemwa. Uso wa saa uliopakwa rangi upya huharibu thamani yake, aseme. Tena kuna jambo ambalo sisi watu wa Kongo tusingepaswa kulisahau. Namba za saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani. Kuanzia mwaka 1922, kwa miaka kadhaa, radiamu iliyo nyingi duniani ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga, ikasafishwa huko Olen, Ubelgiji. Marekani, wasichana waliopaka namba hizo walikuwa wakilainisha ncha ya brashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa na taya, na baadhi yao wakafa, katika miaka ya 1920. Mng'ao wa rangi hiyo hufifia baada ya miaka, lakini radiamu yenyewe hupungua kufikia nusu baada ya miaka 1,600. Saa iliyofungwa vizuri haina hatari kubwa; kuifungua na kukwangua namba zake ndiko kubaya, kwa maana vumbi lake huingia kifuani. Anayemwuzia fundi saa ya namna hiyo bila kumwonya, amemwuzia pamoja nayo kitu ambacho fundi hakukinunua.

Turudi kwa kijana na dola zake 60. Amwambie mama ukweli: "Mama, hii si shaba, ni dhahabu." Pengine mama ataichukua saa yake aipeleke kwa sonara mwaminifu, na kijana atabaki mikono mitupu, hasara hiyo ni ya kweli, wala simfichi. Pengine atasema, "Mwanangu, kwa kuwa umesema kweli, nilipe kidogo kidogo," nao wataandika mapatano mbele ya mashahidi. Na kama, akiisha kujua yote na shida yake ya dawa ikiisha kutulizwa, apenda kumwachia kwa bei ndogo, hiyo ni zawadi, na zawadi haina lawama. Kwa mwenye akiba ndogo iko pia njia nyingine. Katika miaka ile nyumba nyingi za Uswisi zisizo na sifa zilinunua mitambo ya saa kutoka viwanda vikubwa, kama kile cha A. Schild katika mji wa Grenchen. Saa hizo hazina jina la kujivunia, lakini zikitunzwa na fundi stadi huenda vizuri hata leo. Naye abakize sehemu ya fedha kwa ajili ya fundi huyo, kwa maana mafuta ya saa iliyolala miaka mingi hukauka, na magurudumu makavu hulika upesi.

Limebaki swali la mtu aliyekwisha kununua hivyo zamani, kabla ya kuingia ukatekumeni. Wapo wanaodhani kwamba maji ya Ubatizo yatamaliza jambo hilo. Ubatizo huondoa dhambi na adhabu yake mbele ya Mungu. Haki ya mjane haikuwa dhambi ya kuoshwa, ilikuwa fedha yake, nayo bado iko mfukoni mwa mwingine. Basi amrudishie saa, au amlipe kilichopungua, na kama hawezi mara moja, aanze na kidogo alicho nacho. Kama mama amekufa, warithi wake ndio wenye haki. Kama nao wametafutwa kwa bidii wasipatikane, fedha hiyo wapewe maskini kwa ajili ya roho yake; na kabla ya kuitoa amwendee padri, wahesabu pamoja ni kiasi gani.