KIJANA, MTEGO HUO UNAMTEGEA NANI?



Ndugu msomaji, karatasi hii imekufikia mkononi hapa Kawe. Labda umepewa ulipokuwa unashuka kwenye daladala ya Mwenge. Labda ulikuwa unapita zako pembeni ya viwanja vya Tanganyika Packers, ukasikia vipaza sauti. Usiitupe. Usiifanye ya kufungia karanga kabla hujaisoma mpaka mwisho. Lina neno lako humu.

Hatuanzi kwa kukuuliza unasali wapi. Tunaanza na swali jingine: MIKONO YAKO INAJIFUNZA KAZI GANI?

UMEPATA NAFASI

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa kompyuta. Labda unasoma pale Kijitonyama, kituo cha Sayansi, kwenye Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Labda ni chuo kingine. Wakati wa kwenda fildi umefika. Barua ya chuo unayo mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kuchanika. Umezunguka maofisi ya Posta, umerudi Mwenge, umekwenda mpaka Mbezi. Kila mahali ni "Tutakupigia." Hawapigi. Nyumbani Ukwamani mama anauliza, "Vipi mwanangu, umepata?" Unajibu, "Bado mama," unaingia ndani.

Halafu siku moja simu inaita. Ni kampuni ya michezo ya kubahatisha. Ofisi ina kiyoyozi. Intaneti haikatiki. Nauli wanatoa, chakula cha mchana wanatoa. Utafundishwa kuandika programu za michezo: magurudumu yanayozunguka, karata, na kale kandege kanakopaa kwenye simu. Ukifanya vizuri, ajira ipo.

Washikaji wanakupongeza: "Umetoka, mwanangu!" Nani atakulaumu? Mji huu kazi ni ngumu. Na sheria inaruhusu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu 2003, Bodi yake ipo, leseni zinatolewa, kodi zinalipwa. Hatukwambii kwamba hao ni wezi wa usiku. Lakini kabla hujasema ndiyo, njoo kwanza tuifungue mashine tuone ndani yake mna nini.

NDANI YA MASHINE HAMNA BAHATI

Mchezaji anadhani bahati yake imo humo ndani. Humo imo HESABU, na mwandishi wa hesabu hiyo utakuwa wewe.

Zamani, mwishoni mwa karne ya 19, fundi mmoja wa San Francisco kule Marekani, jina lake Charles Fey, alitengeneza mashine yenye magurudumu matatu ya picha. Ilikuwa chuma na springi. Unavuta mkono, magurudumu yanazunguka, yanasimama yenyewe. Lakini mwaka 1984 mtu aitwaye Inge Telnaes alipewa huko Marekani hati ya ubunifu wake: kompyuta ichague namba kwanza, halafu gurudumu lisimame pale kompyuta ilipokwisha kuamua. Umeelewa hapo? Wakati mtu amekodoa macho, magurudumu yanazunguka, moyo unadunda, jambo limeshaamuliwa. Kuzunguka ni maonyesho tu.

Chukua mfano. Kila gurudumu lina nafasi 22, na moja ina picha ya zawadi kubwa. Mchezaji akipiga hesabu kwa macho, kwa magurudumu matatu nafasi yake ni 1 katika 10,648. Lakini ndani, kompyuta inachagua kati ya namba 64 kwa kila gurudumu, na ile picha kubwa imepewa namba moja tu. Sasa nafasi yake ni 1 katika 262,144! Jicho linaona mlango, kumbe ni tundu la sindano. Tena zile nafasi za jirani, ya juu na ya chini ya picha kubwa, zinaweza kugawiwa namba nyingi, ili picha ionekane kila mara imekaribia. Mchezaji anapiga kofi paja: "Aah, nusura!" Ndugu yangu, nusura hiyo iliandikwa na mtu ofisini.

Na kandege je? Mchezo wa Aviator ulitoka mwaka 2019, na umepangwa kurudisha asilimia 97. Mtu anasema, "Si mbaya, wanachukua 3 tu." Haya, tupige hesabu. Mchezo wa namna hiyo ukipangiwa asilimia 97, safari ambazo kandege kanafika mara mbili hazifiki 49 katika kila 100. Safari za kufika mara kumi hazitimii 10. Weka shilingi 1,000 kwa safari 100: shilingi 100,000 zimepita mkononi mwako, na kwa wastani 3,000 zimebaki kwao. Safari moja ni sekunde tu. Hizo 100 zinakwisha kabla maharage ya mama ntilie hayajaiva. Jioni tena. Kesho tena. Leo mmoja anashinda, anapiga kelele mpaka mtaa wa pili wanasikia. Kampuni haina wasiwasi na mshindi huyo. Wanaokusanywa ni wote kwa pamoja, na hesabu ya wote ilikwisha kufungwa.

Kuna kingine. Mtu ameweka 1,000, mashine imemrudishia 300. Amepoteza 700, si ndiyo? Lakini mashine inawaka taa na kuimba kana kwamba ameshinda! Mstari huo wa programu, wa kuimba mtu anapopoteza, unaandikwa na nani? NA WEWE, mwanafunzi wa fildi.

MUNGU ANAANGALIA MIZANI

Biblia katika Mithali 11:1 inasema kwamba Bwana anachukizwa na mizani ya hila, bali anapendezwa na jiwe la kupimia lililo kamili. Siku zile mfanyabiashara alichonga jiwe likawa pungufu kidogo, mteja asigundue. Siku hizi jiwe halichongwi. Linaandikwa kwenye kompyuta.

Utasema, "Mtumishi, asilimia mbona imeandikwa wazi kwenye masharti?" Kweli, imeandikwa. Basi nijibu: kama mambo ni wazi, kwa nini muziki upigwe mtu akipoteza? Kwa nini nusura ipangwe? Mfuate kijana wa bodaboda pale kijiweni, mwambie kwa Kiswahili cha Kawe: "Kaka, kadiri unavyokaa hapa ndivyo tunavyozidi kukuchukulia." Atakaa? Hatakaa! Kwa hiyo kazi unayokwenda kujifunza ni kumsahaulisha mtu namba aliyokwisha kuandikiwa.

Na wewe hutamwona mtu huyo. Utaona mchoro kwenye kioo, mstari unapanda, bosi anatabasamu: wachezaji wanakaa muda mrefu zaidi. Mstari ule una watu ndani yake! Yumo aliyecheza hesabu ya tajiri wa pikipiki, sasa anaogopa kurudi nyumbani. Yumo aliyekabidhiwa ada ya mdogo wake. Yumo mtoto mwenye sare za shule anayetumbukiza sarafu kwenye dubwi nyuma ya kibanda, ingawa sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18.

Katika Matendo ya Mitume 16:16-19 tunasoma habari za kijakazi wa Filipi aliyekuwa na pepo wa uaguzi. Kifungo chake kiliwaingizia mabwana zake faida nyingi. Paulo alipomwamuru pepo atoke kwa jina la Yesu, binti akawa huru. Je, mabwana zake walifurahi? Walikasirika! Waliona tumaini la mapato yao limeondoka. Kijana, jipime hapo. Ukisikia mtu mmoja wa Tandale ameacha kamari, ameokoka, amerudi kwa mke wake, je, ofisi yako itafurahi au itahesabu hasara? Kazi inayopata hasara mtu anapofunguliwa, hiyo inakula kifungo chake.

"LAKINI SI NI KAZI KAMA KAZI NYINGINE?"

Swali zuri. Watoza ushuru walimwuliza Yohana Mbatizaji swali kama hilo, wafanye nini. Soma Luka 3:12-13. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kile walichoamriwa. Maana ushuru ukiondoa kule kuzidisha, bado ni ushuru. Barabara itajengwa, askari atalipwa. Lakini mashine ya kamari ukiiondolea ile ziada inayomla mchezaji, kinabaki nini? Hakibaki kitu. Watafunga milango. Ndiyo maana kazi hii haitengenezeki kwa kupunguza. Inaachwa.

Shetani hapo atakunong'oneza: "Basi kipaji chako ni laana." MWONGO! Katika Kutoka 31 Mungu mwenyewe alimjaza Bezaleli Roho wake, apate akili na ujuzi wa kila kazi ya ufundi. Ufundi ni wa Mungu. Hebu fikiri: usiku umeme umekatika, mama ananunua LUKU kwa simu, zinakuja tarakimu 20, anazibonyeza, taa inawaka, mtoto anaendelea kusoma. Nyuma ya taa ile kuna kijana aliyeandika programu. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, bibi kijijini alianza kupokea hela bila kupanda basi. Hesabu ni hizohizo, kompyuta ni ileile. Tofauti ni hii: huku mtu anapata alicholipia.

Hatukudanganyi. Hatusemi ukikataa leo, kesho asubuhi utapigiwa simu na benki. Pengine utazunguka wiki mbili zaidi. Pengine utafanyia fildi kwenye zahanati, au SACCOS, au shule ambayo kompyuta zake zimejaa vumbi, na nauli utajitafutia. Nenda kwa msimamizi wako wa chuo mapema, mwambie ukweli, omba kubadilishiwa. Lakini utalala usingizi. Na ukiwa mtu mzima, mwanao akikuuliza ujana wako ulijifunza nini, utamjibu bila kuangalia chini.

NA WEWE ULIYE UPANDE WA PILI

Inawezekana hujasoma kompyuta. Wewe ndiye unayetumbukiza sarafu. Wewe ndiye unayekesha na kandege chini ya shuka, chaji ikiisha ndipo unalala. Kila siku unasema, "Leo narudisha yangu, halafu naacha." Sasa umejua hesabu iliyomo ndani: hakuna siku iliyoandikwa ya wewe kurudisha yako. Acha kujiita mtu mwenye mkosi. Hukushindwa na bahati, uliingia kwenye hesabu ya mtu.

Lakini ipo habari njema, na ndiyo iliyotuleta Kawe!

Siku Yesu aliposulubiwa, chini ya msalaba palikuwa na mchezo wa bahati. Soma Mathayo 27:35. Askari waligawana mavazi yake kwa kupiga kura. Fikiri jambo hilo! Juu ya vichwa vyao Mwana wa Mungu alikuwa anamwaga damu kwa ajili yao, na wao macho yako chini, wanangoja kuona nani atapata kanzu. Uzima wa milele ulikuwa hatua chache tu kutoka walipo. Hawakuinua macho.

INUA MACHO YAKO LEO! Kwenye kamari unalipa wewe, kila siku, na hupewi. Msalabani amelipa mwingine, mara moja, na unapewa bure. Warumi 6:23 inatufundisha kwamba dhambi nayo hulipa mshahara, nao ni kifo. Uzima hauna mshahara. Ni zawadi. Yesu hana asilimia anayoibakiza kwake. Alijitoa mzima.

Na kama umeshakula fedha za namna hiyo, usikate tamaa. Zakayo alikuwa tajiri kwa jasho la wenzake. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja, na furaha ilipomjaa akasimama mwenyewe, akaahidi kurudisha mara nne (Luka 19). Yesu akiingia, mkono unafunguka.

SALI PAMOJA NASI

Usingoje kesho. Hapo ulipo, hata kama ni kwenye daladala, sema kwa moyo wako wote:

"Ee Bwana Yesu, nakuja kwako kama nilivyo. Nimetafuta fedha bila wewe. Nisamehe dhambi zangu zote, unioshe kwa damu yako. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na umefufuka. Leo nakupa moyo wangu, akili yangu na mikono yangu. Nifungue na tamaa ya kamari. Nifundishe kazi isiyomliza mtu. Kuanzia sasa mimi ni wako. Amina."

Kama umesali sala hiyo kwa imani, UMEOKOKA! Fanya mambo manne. Ifute michezo hiyo kwenye simu yako leo, si kesho. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, maana vita hii hapigani mtu peke yake. Tafuta Biblia, anza na Injili ya Yohana. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, uende Jumapili hii.

Na jioni, njoo mkutanoni. Wahudumu wako mbele, watakuombea. Hatuulizi umevaa nini.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako karatasi hii. Mungu akubariki.